Siku ya Tisa

Nimepewa siku kumi na nne za kughairi.
Leo ni ya tisa.
Mkataba umebanwa na sumaku kwenye mlango wa jokofu,
kati ya ankara ya daktari wa meno
na picha ya Venla, mapengo mawili, anacheka.

Majuto ni mjukuu, husemwa.
Kwangu mjukuu ndiye aliyetangulia:
miaka minane, kidole kwenye kioo cha simu,
"Bibi, hili halitoi moshi. Nunua jekundu."
Nikanunua jekundu.

Nje ni thelathini na mbili chini ya sifuri.
Theluji ukiikanyaga inalia kama kiatu kipya kanisani.
Dizeli ya Veikko imechomekwa ukutani tangu alfajiri,
waya wa manjano umekakamaa kama mzizi,
maana huku Kemijärvi hata gari la mafuta
hunyonya umeme kwanza ndipo likubali kuamka.
Hilo sikuliwaza nilipokuwa natia saini.
Nimeliwaza juzi, nimeushika waya ule,
nikacheka peke yangu uani.

Lakini kuna Rovaniemi.
Kilomita themanini na tano kwenda, na hizo hizo kurudi,
kila Jumanne, kumpeleka Sirkka akasafishwe damu.
Nilimpigia kijana wa mauzo kule Oulu.
"Baridi hupunguza kidogo," alisema.
Kidogo kiasi gani?
"Inategemea."
Neno hilo nalijua. Daktari wa Veikko naye alilipenda.

Na Ensio wa ng'ambo ya ziwa, aliyenunua lake mwaka juzi,
hunikwepa macho dukani.
Mkewe ndiye aliyenieleza: alirudi kutoka Sodankylä
amevaa makoti mawili, kipasha joto amekizima,
kioo akikifuta kwa soksi,
akafika na asilimia nne ya chaji
na mafua ya wiki tatu.
Hata hivyo hajaliuza. Nilipomuuliza kwa nini,
alilipia maziwa, akaondoka.

Haya yote ningeweza kuyapigia hesabu.
Nilikuwa karani wa posta miaka thelathini.
Kisichoingia kwenye hesabu ni Halla.

Mbwa huyu huijua dizeli tangu kwenye kona ya kibanda cha maziwa.
Huinuka, viungo vikimuuma, akaja dirishani.
Nikishuka hunitazama kidogo tu,
kisha huutazama mlango nilioacha wazi nyuma yangu,
akingoja ateremke mwingine.
Hii ni baridi ya pili anangoja.

Gari jekundu litakuja kimyakimya, kama riba.
Nani atamwamsha?
Au niseme kweli: nani atamdanganya?

Jioni, nikitoka kumrudisha Sirkka kwake,
nilifika juu ya mteremko wetu
nikaweka gia huru, nikazima injini,
ufunguo nikauacha nusu.
Usukani ukawa mzito kama ng'ombe aliyekataa zizi.
Tukateremka, mimi na tani moja na nusu ya chuma,
hakuna sauti ila misumari ya matairi
ikitafuna barafu.

Dirisha lilikuwa tupu.

Nikakaa. Pumzi yangu ikaganda kwenye kioo.
Veikko angesema: unaona? Nilikuambia,
gari lisilonguruma ni jokofu lenye magurudumu.
Nikafungua mlango, nikakanyaga theluji,
hatua moja, mbili, kisha ile ya mguu mbovu,

na ndani kukabwekwa.
Alikuja akichechemea hadi kizingitini,
akanusa glavu zangu, moja, kisha ya pili,
na nyuma yangu hakutazama.

Zimebaki siku tano.
Kilomita ni zile zile.