Kigingi

Sharti la shamba hili ni fupi,
linasemeka mtu akiwa juu ya baiskeli:
panda mahindi, panda kunde, mtama ukitaka,
mti usipande.
Mti una mwenyewe,
na mwenyewe yuko Mombasa, sijamwona uso.

Nimelima hapa Kakuyuni miaka kumi na tisa.
Mahindi hayatoi ushahidi.
Yakivunwa yamevunwa, mabua yameliwa,
na mwezi wa pili ukipita utaapa
hapajawahi kuishi mtu.
Mnazi ungesema. Mkorosho ungesema.
Hata mkwaju ulioota wenyewe jaani
Bwana Mwakombe aliung'oa kwa vidole,
kama mtu ang'oaye jino la mtoto,
akajipangusa vumbi, akaniuliza watoto hawajambo.

Mwaka ule jua lilikaa.
Udongo ukawa mweupe kama unga wa kuazima,
jembe likipiga linarudi.
Mbuzi wangu saba wakawa wanne,
na hao wanne walikula boksi la sabuni
na nusu ya daftari la Luvuno, upande wa hesabu.

Ndipo bibi shamba, Sidi wa Tunje,
akaja na mzigo wa fimbo.
Fimbo tupu, za kijivu, zanifika kiunoni,
hazina jani wala mzizi.
Akaziita glirisidia. Mimi nikaziita vigingi,
jina ninaloweza kulijibia.
"Chomeka," akasema. "Usiseme neno."

Nikachomeka.
Mpaka wote wa mashariki,
kisha mistari kati ya mahindi, hatua sita kwa sita,
nikamfunga mbuzi kwenye kigingi cha kwanza
ili jambo liwe na maana yake.

Mvua ya kwanza vikatoa macho.
Ya pili, vidole.
Nilipita katikati yao kama mwenye wageni wa siri,
nikikata matawi kabla hayajajigamba:
mengine nikiyalaza chini ya mahindi yaoze,
mengine nikiyaacha yanyauke usiku kucha,
maana majani mabichi mbuzi huyanusa, akakutazama
kana kwamba umemtukania mama.
Yakilala, anayala.
Na samadi yake inarudi palepale,
bila mkokoteni, bila risiti.

Mwaka wa tatu nikakuta nyungunyungu
mahali jembe lilipokuwa likirudi.
Nikamwita Luvuno aje aone.
"Mama, ni mnyoo tu."
Nikamwambia ashike adabu.

Lakini kiangazi kikija majani hupukutika,
na kila fimbo ikavaa maua ya waridi toka shina hadi ncha.
Kitu chenye maua hukifichi.
Bwana Mwakombe akashuka kwenye baiskeli.
Hilo peke yake lilinitia baridi.

"Nilisema mti usipande."
"Sikupanda mti. Nilichomeka kigingi cha mbuzi.
Muulize mbuzi."
"Kigingi kina maua?"
"Hata mimi nilishangaa."

Akatembea mstari hadi mstari, mikono nyuma.
Akachutama, akachota udongo, akaunusa;
alikuwa mkulima huyu
kabla hajawa mdomo wa mtu.
Kofia akaitundika tawini, bila kufikiri,
akatoa daftari, akaandika polepole, herufi kubwa:
VIGINGI, MIA NA KUMI NA VIWILI.

Alipoondoka palikuwa na fimbo nne
nyuma ya baiskeli, zimefungwa kwa mpira.
Hatukuzizungumza.

Tajiri bado hajaja mwenyewe.
Siku akija, huenda hapendi masihara.
Kila jioni nikishawafunga mbuzi
nakishika kimoja kwa mikono miwili, nakitikisa,
kama impasavyo mwenye mbuzi,
nione kama kimelegea.