Kitu 'Mvua' Hakikupatikana

Saa tatu usiku, Mbale, ghorofa ya pili,
juu ya duka la vipuri vya pikipiki,
kompyuta inaniandikia kwa wino mwekundu:
kitu 'Mvua' hakikupatikana.

Na mvua yenyewe inayatwanga mabati
hadi Wandeba, mlinzi, amepanda ngazi kuniuliza
kama nilisikia alichosema akiwa chini.
Sikusikia.

Nilisahau: lugha hii yenye jina la herufi moja
haisamehi herufi moja.
Jana niliiita mvua, kwa m ndogo.
Leo nimeiandika kwa m kubwa, kama mtu aliyepandishwa cheo.
Naishusha. Nabonyeza.

Pembeni inatokea alama ya kujumlisha.
Nabonyeza tena: alama nyingine, chini yake,
kama mgeni aliyesema "na..." kisha akanyamaza,
nawe huwezi kwenda kulala.
Kumbe kwenye mstari wa tisa nilifungua mabano
nikashuka kununua roleksi ya mayai mawili,
nikarudi nimeshiba, mabano yangali wazi.
Nafunga.

Mchoro unakuja.
Mwaka wetu unaanza Agosti.
Inafuata Aprili, halafu Desemba, Februari,
Januari ni ya tano, imebanwa kama mtoto wa kati.
Mashine imeipanga miezi kwa alfabeti,
mwalimu wa zamu anaita majina,
na mstari wa mvua unaparamia, unaanguka, unaparamia,
kiangazi kimekatwakatwa mishikaki.
Nacheka peke yangu.
Mawingu ya Masaaba yangeifuata orodha hii
mama angepanda maharage lini?

Nairudisha miezi mahali pake, mmoja mmoja, kwa mkono.

Kisha naomba wastani wa mwaka.
Jibu: haujulikani.
Siku mia tatu sitini na nne zina tarakimu,
moja ni tupu,
na hiyo moja imezimeza zote.

Dawa ninaijua. Kuna neno fupi
la kuiambia mashine: penye pengo, ruka.
Naliandika. Wastani unatoka,
mstari unateleza laini toka Januari hadi Desemba,
mchoro wa kupendeza, wa kutumwa Kampala kesho asubuhi
na mtu atauweka kwenye fremu.

Lakini juu kabisa ya skrini, tangu Jumatatu,
kuna onyo nililokuwa nikilipita:
pengo limeingizwa kwa kushurutisha.

Nani kashurutishwa?

Natoa daftari kwenye mfuko wa plastiki.
Khainza, mkunga wa zahanati ya Bushikoya,
husoma kipimo kila siku saa tatu asubuhi.
Kalamu ya buluu: 4.2. Sifuri. 11.6.
Tarehe kumi na saba Mei hakuandika tarakimu.
Aliandika:
Kipimo hakipo. Kilima kimeshuka nacho.
Kesho yake: 38, na kwenye mabano,
kwa kopo la maziwa, nimelichora mistari.

Mimi ndiye niliyeichapa sentensi ile
ndani ya safu ya tarakimu, usiku kama huu, nikisinzia.
Mashine haikujua kuihesabu.
Ikaibana, ikaibana,
ikabaki shimo.

Nafuta neno la kuruka.
Wastani unarudi kuwa haujulikani, na uwe hivyo.
Mstari unafika kumi na sita Mei, unakatika,
unaanza tena kumi na nane, juu, ukitweta.

Chini ya mchoro naweka maneno ya Khainza, yote.
Wino mwekundu:
pambizo ni pana mno.

"Bado tu?" anauliza Wandeba mlangoni, koti linachuruzika.
Bado.

Ama nimpunguze Khainza, ama nipunguze mchoro.
Napunguza mchoro.