Chandarua cha Mlangoni

Kando ya Ziwa Inari, mwezi wa saba,
jua limekataa kulala, na mbu nao.
Oiva ameushonea chandarua mlango wa gari letu
kwa pazia kuukuu la jikoni:
sumaku kumi na nne katikati,
pindoni chubwi za mshipi wa babake.
Ukipita, kinajifunga nyuma yako, ta-ta-ta-ta,
kama mtu mwenye haraka na vifungo vya koti.

Jana tuligombana. Juu ya ramani, nadhani.
Akatoka na hasira zake, kofia ya wavu kaisahau,
akakaa jiweni, kanipa mgongo.
Nikawa nahesabu makofi:
shingoni, kifundoni, shavuni, shingoni tena.
Nani awezaye kununa huku anajizaba vibao?

Nikasogea. Baina yetu matundu
ambayo hata sindano ingeomba ruhusa.
“Huingii?”
“Njia ilikuwa ile ya kushoto.”
“Ilikuwa ya kushoto. Ingia, upesi!”

Ta-ta-ta-ta. Mmoja akapenya naye,
akatuimbia usiku kucha, usiku ule mweupe.
Asubuhi, kama ile ni asubuhi,
tukamkuta kiooni, tumbo jekundu, ameshiba.
Damu ya nani,
hatukuulizana.