Simama

Bibi yangu alizaliwa Kimi, binti wa tano,
mwaka ambao mvua ya Agosti iliozesha tini mikekani.
Baba yake, Argiris, hakuuliza mtoto ana macho ya nani.
Aliuliza: Mizeituni mingapi imebaki?
Kwao mahari hutoka mfukoni mwa baba wa binti:
shamba la bondeni kwa wa kwanza,
kwa wa pili nyumba ya chini,
mizeituni arobaini kwa wa tatu,
kwa wa nne cherehani, na deni.
Wa tano akapewa jina.

Kasisi akauliza, mikono majini: Aitwe nani?
Mama wa ubatizo akakohoa kwanza.
Stamata.
Yaani simama. Koma. Basi, yatosha.
Wala si mtoto aliyeambiwa;
neno lilirushwa juu ya kichwa chake, likilenga tumbo la mama,
kama jiwe la kumfukuzia mbuzi shambani.

Tumbo halikusikia.
Mwaka wa pili akaja Agoritsa, maana yake kijivulana,
eti Mungu akilisikia jina hilo ataona haya.
Baadaye sana akaja mvulana hasa. Akalelewa kwa asali,
akaenda Stuttgart kuunda magari,
akarudi mara mbili, zote kwa mazishi.

Bibi alikua akigeuka kila punda alipokemewa.
Stamata! Punda akasimama,
naye akasimama, ndoo mbili mikononi,
na wanaume wa mkahawani wakacheka hadi kahawa ikapoa.

Mimi mjukuu wa kwanza. Desturi ni desturi:
nimerithi jina, pete, na goti bovu la kushoto.
Shuleni Halkida nililificha, nikajiita Mata,
mpaka mwalimu wa Kigiriki cha kale, Bi Polixeni,
alipoliandika ubaoni akalimenya kama kitunguu:
ganda la juu, koma;
chini yake ganda jingine, na jingine;
kiinini, neno kongwe kuliko kanisa letu:
kusimama wima, kama nguzo.

Nilipanda basi la saa nane kumpelekea habari.
Nilimkuta uani akipasua tini kwa kisu kidogo,
akizilaza mbili mbili, uso kwa uso.
Nilieleza yote, nguzo na kitunguu.
Hakuinua macho.
"Na huyo mwalimu wako," akasema, "ana mabinti wangapi?"
Kisha akaniambia nisogeze sinia,
kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshaifikia.