Daftari la Mifarishi

Wa kwanza niliununua kwa pesa ya bati.
Paa la jikoni likavuja masika mawili,
na mke wangu Mwanjaa akatega sufuria chini ya tone
pasipo kusema neno. Sufuria ndiyo iliyosema.

Nilikuwa karani wa stesheni hapa Tanga,
miaka thelathini nikiandika uzito wa mizigo ya watu.
Kustaafu kuliniachia kalamu, daftari lenye kurasa tupu,
na mkono usiojua kutulia. Basi nikaandika:

Na. 1. Mfarishi. Mshonaji: Bi Tatu Semhando, Makorora.
Urefu futi saba, upana futi tano na inchi mbili.
Vitambaa: sare ya shule, gunia la unga, shuka la hospitali.
Hali: nzuri.

Sikuandika kwamba nilipouona kwenye kamba ya nguo
nilishuka baiskeli, nikasimama kama mwenye deni.

Kisha ikafuatana.
Wa Zaharia wa Soni, kijani juu ya kijani,
milima mitupu na hakuna mlima hata mmoja.
Wa mafundi wawili wa Barabara ya Kumi na Mbili, wasiosemezana:
huyu kashona nusu, yule nusu,
na mshono wa katikati unapinda kama mabishano.
Wa Hidaya, ambaye hukata leso pale pale kwenye jina,
akakiunga "Mgeni njoo" na "usinizoee",
na pembeni, peke yake, kipande kisemacho "lakini".
Hicho "lakini" nimekisoma siku nyingi.
Bado sijakimaliza.

Joto la Tanga halina adabu, ukungu hauombi hodi.
Kila Jumamosi nilianika kivulini, nikakunja upya,
kunjo lisirudi palipokuwa,
maana mfarishi nao hupata kovu la mgongo.
Karafuu sandukuni. Majani ya mwarobaini.
Majirani wakasema: Mzee Shekiondo ana matandiko thelathini na moja
na analala kwenye mkeka.
Ni kweli.

"Umezika watu thelathini na mmoja," alisema Mwanjaa,
"na kila mmoja ni sanda yake mwenyewe."

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaenda kuomba bohari la mkonge,
lile lililoachwa nyuma ya reli.
Tulifagia siku tatu; nyuzi zilikuwa bado zimeng'ang'ania nyufa.
Tukatundika kwa fito, nikaandika kibao kwa herufi za stesheni:
TAZAMA. USIGUSE.

Wakaja wanafunzi, wakaja wauza machungwa na vikapu vyao,
akaja mtu aliyedhani ni mnada, akabaki.
Bi Tatu akaja na viatu vipya.
Akauzunguka wake mara mbili, akauliza,
"Mbona mmeutundika kama aliyekosa?"
Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele yake
muda ambao watu hukaa na mgonjwa aliyepata nafuu.

Alasiri akaingia mwanamke katoka harusini,
hina haijakauka vidoleni.
Akapita kibao kana kwamba kimeandikiwa wengine.
Akaushika mfarishi, pale kwenye shuka la hospitali,
akatafuta kitu kwa ncha za vidole, kama atafutaye mshipa.
"Hiki kiraka kidogo, ndani ya kiraka, ni changu.
Nilikuwa dobi. Lilichanika zamu ya usiku,
nikalishona kwa uzi wa bandeji, hakukuwa na mwingine."

Sikuwa nimekiona. Miaka tisa nimeukunja na kuukunjua.
Bi Tatu naye akainama, akavaa miwani, akanyamaza.
Halafu akasogea kwenye kigoda, akamwachia nafasi.

Usiku, kibao nimeshakiweka chini ya meza, nikafungua daftari.

Na. 1. Washonaji: Bi Tatu Semhando;
na Bi Mwanamkuu Kibanga, dobi, zamu ya usiku.
Hali: doa la hina, vidole vitatu, chini kushoto.
Lisifuliwe.

Mwanjaa akasoma juu ya bega langu, akauliza,
"Na lile bati, umeliandika wapi?"