Maji ya Chiriku

Mimi sikuwa mpelelezi. Nilikuwa karani,
nikipiga chapa yasemwayo, kwa vidole viwili,
kituo cha Valga, Februari ya tisini na tatu,
theluji ilipofika madirishani.
Aliyepeleleza ni Virve Oolup,
mwanamke wa maneno haba na kikohozi kingi,
aliyeweka mkoba wake sakafuni
kana kwamba anamlaza mtoto.

Marehemu: Arvo Kiisk, miaka sabini na mmoja,
fundi wa kodiani, mgane, ghorofa ya pili.
Kichwani jeraha moja. Nyundo haikuonekana.
Daktari alisema siku nne, kisha akasita:
jiko lilizimika, baridi ikamtunza kama samaki,
basi pengine tatu, pengine tano,
mniwie radhi.

Tukapekua. Vifungo vya mfupa, gundi iliyokauka,
kodiani kumi na moja zimepasuliwa vifua
na hakuna hata moja inayohema.
Mlango haukuvunjwa. Pesa zimo kwenye kopo la chai.
Konstebo Raigo akabuni mwizi aliyekurupushwa.
Mkuu wetu akataka mlevi,
yeyote, kabla ya Ijumaa.

Virve alisimama jikoni mbele ya tundu.
Ndani, chiriku wa manjano,
tundu lake limevikwa sweta la sufu.
Msema hovyo huitwa chiriku;
huyu hakutoa hata mlio.
Alitutazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili.

"Gusa maji," Virve akaniambia.
Nikatia kidole.
Yalikuwa maji.
Na chumbani, kando ya kitanda,
glasi ya marehemu iliganda hadi ikapasuka.

Siku za mwizi, tumezoea kuhesabu, ni arobaini.
Za huyu zilikuwa nne, na kila usiku
alishuka ngazi na birika la maji vuguvugu,
akamruka maiti,
akamwaga mtama, akapuliza makapi,
akafunga mlango taratibu asiwaamshe majirani.
Ila jirani alikuwa yeye.

Leida Pruul, ghorofa ya tatu.
Sweta lilikuwa lake, kiwiko cha kushoto
kimetiwa kiraka cha uzi usiolingana.
Miaka thelathini mpishi wa shule;
uji wake tuliunywa sote, hata Raigo,
ambaye siku ile aliomba ruhusa akakae nje.

Hakukana. Alieleza nyundo: tundu la barafu, mto Pedeli.
Alieleza kwamba alikuja kuchukua kodiani ya kaka yake,
Arvo akaenda kupasha chai,
yeye akafungua droo kutafuta risiti
akakuta nakala ya kaboni, ya mwaka arobaini na tisa.
Jina la kaka yake juu. Sahihi ya Arvo chini.
Kati yao, mistari sita.
Kaka huyo hakurudi kutoka alikopelekwa,
na miaka yote hiyo Arvo
alikuwa akimtengenezea kodiani yake bure.

"Nilimpiga mara moja," alisema.
Niliandika: mara moja.

Mwishoni Virve akauliza, kama sheria itakavyo,
iwapo ana la kuongeza.
Leida akatazama mikono yake,
kisha mashine yangu, muda mrefu,
mpaka nikadhani hakusikia.
"Saa hizi nani anamwekea maji?"

Virve akakohoa. Akanipa ishara niache.
Fomu ina kisanduku cha umri, cha kazi, cha silaha;
cha ndege haina.
Nikaliandika pembeni, nje ya mstari,
bila alama ya kuuliza,
maana ufunguo wake ulikwama tangu Krismasi.

Mahakamani hakimu alilisoma kama taarifa,
sauti ikishuka mwishoni,
akafunua ukurasa.