Vifungo Sita, Kirkwall

"Fumba macho," akasema, akagusa cha kulia
kidole, chenye alama ya kisu cha kuchunia.
"Kwa kushoto sasa, hima, nionyeshe." Nasikia
kushoto kimya kizima, kama simu isolia.

Ubongo u kiooni: kati, nyuzi zachunika
kama waya za bandani panya walipoamka.
"Habari i safarini," asema, "haijafika."
Thora yuko mlangoni, koti langu kalishika.

Vifungo sita. Naanza. Wa kulia unavuta,
wa kushoto unawaza tundu lipi la kupita.
Thora, mwepesi, aweza kunifunga. Anasita.
Cha nne. Nakipenyeza,


                                        chachelewa. Nakipata.